Kosa la hesabu si kosa la adabu: barua ya wazi kwa wasimamizi wa jumuiya yetu ya uigaji wa fizikia

Ndugu wasimamizi,

Salamu kwenu. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limefanyika hadharani, na kwa sababu nilipowaandikia faraghani niliambiwa kwamba kanuni zinafuatwa. Hilo silibishi. Kanuni zinafuatwa, tena kwa bidii. Malalamiko yangu ni kwamba zinavyotumika sasa zinamwadhibu asiyejua hesabu na kumwacha mjuaji asiye na adabu akipeta. Nimekaa upande wa wanaojibu maswali ya uigaji, yaani ya kuigiza mwendo wa vitu kwa hesabu za kompyuta, kwa muda wa kutosha kuona nani anaondoka na nani anabaki.

Niwape mfano mmoja, na nitauchambua hadi mwisho kwa sababu mambo yote ninayotaka kuyasema yamo humo.

Mgeni mmoja alileta uigaji wake wa Jua, Dunia na Mwezi. Aliandika mfululizo bila nukta wala aya, kama mtu aliyekesha. Dunia inazunguka vizuri, alisema, lakini Mwezi unakimbia, unaelekea kwenye Jua, halafu unatoweka kwenye skrini. Namba zake zote alizitaja: umbali wa Mwezi kutoka Dunia kilomita 384,400, kasi ya Mwezi kilomita 1.02 kwa sekunde, masi za vitu vyote vitatu. Haukupita muda swali likafungwa kwa mstari mmoja: limeshajibiwa, tafuta kwanza. Alipouliza limejibiwa wapi, akaonyeshwa swali la zamani la mtu ambaye sayari yake ilikuwa inajitanua kidogo kidogo kila mzunguko hadi ikatoka kwenye obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua. Aliposema kwamba hilo silo tatizo lake, akapewa onyo la kubishana na msimamizi.

Sasa tuzitazame zile namba zake, maana nina hakika aliyefunga hakuzitazama. Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya takriban kilomita 29.8 kwa sekunde. Hiyo kilomita 1.02 ni kasi ya Mwezi kwa mtu aliyesimama duniani. Kwa uigaji ambao Jua ndilo kitovu, Mwezi unatakiwa uanze na kasi yote ya Dunia, kisha ile yake ndogo ijumlishwe juu yake. Mgeni hakujumlisha. Kwa hiyo alipoanzisha programu, Dunia iliondoka zake kwa kilomita karibu 30 kila sekunde, Mwezi ukabaki nyuma kama abiria aliyeachwa kituoni. Kitu kinachokaribia kusimama katika umbali huo kutoka kwenye Jua hakina pa kwenda ila kuanguka kwenye Jua lenyewe, na safari hiyo huchukua takriban siku 65. Ndicho alichokiona. Programu yake ilimtii Newton kwa uaminifu wote. Kilichokosewa ni namba moja ya kuanzia.

Na kule kutoweka kwenye skrini ni habari nyingine kabisa. Jua la kwenye programu yake ni nukta tu, halina uso wa kugonga. Mwezi ulipolikaribia, kani ya mvutano ikapanda kupita kiasi, hatua moja ya muda (kipande kidogo cha muda ambacho programu hurukia kabla ya kuhesabu upya) ikauvusha hadi upande wa pili ukiwa na kasi isiyo na maana yoyote, ukarushwa nje ya picha. Hilo nalo lina dawa zake: kufupisha hatua ya muda vitu vinapokaribiana, au kulipatia Jua kipenyo chake ili kitu kikifika hapo kihesabiwe kuwa kimegonga. Makosa mawili yasiyohusiana, na yote mawili yanaelezeka kwa aya moja kwa mtu ambaye tayari ameonyesha kwamba anaweza kuandika kani ya mvutano bila kukosea. Badala ya aya hiyo alipata onyo. Hajaonekana tena.

Lile swali la zamani alilotupiwa lina sababu yake pia, na ni vizuri tukaiweka wazi ili muone jinsi lilivyo mbali na lake. Sayari inayojitanua kidogo kidogo kwa kawaida ni kazi ya njia ya Euler, ile rahisi kuliko zote ya kuhesabu mwendo hatua kwa hatua, ikiandikwa kwa mpangilio ambao karibu kila mtu huuandika mara ya kwanza: unasogeza mahali kwa kutumia kasi ya zamani, kisha ndipo unabadilisha kasi. Kila hatua inakwenda mnyoofu pale ambapo njia inapinda, kwa hiyo kila hatua inaishia nje kidogo ya obiti, na nishati inaongezeka bila mtu kuiongeza. Dawa yake inachekesha kwa udogo. Badilisha mistari miwili nafasi: rekebisha kasi kwanza, halafu sogeza mahali kwa kasi hiyo mpya. Hesabu ni ileile, kompyuta ni ileile, na ikiwa hatua ya muda ni ya kiasi, sayari inatulia kwenye obiti yake mizunguko na mizunguko, nishati ikipanda na kushuka kidogo bila kukimbia. Sijawahi kuchoka kumwona mtu akiligundua hili. Lakini ule Mwezi ulioachwa nyuma usingesaidika hata kidogo. Ungeanguka kwenye Jua kwa njia bora zaidi.

Kuna sababu ya tatu inayoleta kilio hichohicho cha "sayari yangu imekimbia": vipimo. Mtu anaandika umbali kwa kilomita na kuchukua G, namba ya kudumu ya mvutano, ya 6.674 × 10⁻¹¹, ambayo ni ya mita, na mvutano wake unazidi mara bilioni moja. Dunia inamezwa na kutemwa katika hatua ya kwanza tu. Kabla hatujamcheka, tukumbuke kwamba mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu ya jamaa huyuhuyu: programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikausoma kama niutoni-sekunde. Hao walikuwa watu wa kulipwa mshahara, wenye wakaguzi.

Kwa hiyo maneno ya kichwa cha swali hayatoshi kulifunga. "Obiti yangu haitulii" inaweza kuwa mpangilio wa mistari, namba za kuanzia, vipimo, au hatua ndefu karibu na kitovu, na anayeuliza hawezi kujua ni ipi, angejua asingeuliza. Ninachoomba ni kwamba anayefunga swali kwa sababu ya kurudiwa aandike ni namba gani au mstari gani ndani ya swali uliomwonyesha kwamba kosa ni lilelile. Akishindwa kuuonyesha, basi hajalisoma, na swali libaki wazi hadi apatikane aliyelisoma.

Najua mtaniambia maswali ni mengi na ninyi ni watu wa kujitolea. Ni kweli. Ila kuna njia ya kuwapunguzia kazi bila kumfungia mtu mlango, nayo ni kumpa mgeni jaribio dogo kabla hajaleta mfumo mzima wa sayari. Mwambieni aondoe kila kitu, abaki na Jua na Dunia. Umbali kati yao auite 1, mwaka auite 1. Kwa vipimo hivyo G ikizidishwa kwa masi ya Jua ni 4π², yaani takriban 39.48, na kasi ya Dunia ni 2π, yaani takriban 6.28. Aendeshe programu hadi muda ufike 1. Dunia imerudi ilipoanzia au haijarudi? Ikiwa imerudi, kosa lake liko kwenye namba za kuanzia au kwenye vitu alivyoongeza baadaye. Ikiwa imetua nje kidogo, tutazame mpangilio wa mistari na urefu wa hatua. Ikiwa imeruka hadi pasipojulikana, tutazame vipimo na alama za kujumlisha na kutoa. Wengi hawatafika hata kwenye kuuliza, kwa sababu jaribio lenyewe litakuwa limewajibu, na watakaofika watafika na swali linalojibika. Hiki ndicho kingestahili kuwa juu kabisa ya kanuni zetu, mahali ambapo sasa pameandikwa kwa herufi kubwa USIULIZE KABLA YA KUTAFUTA.

Sasa nije kwa wajuaji, ambao kwa kweli ndio walionisukuma kuandika.

Mtu anapouliza kuhusu obiti, jibu la kwanza huwa zuri. La pili huwa la kuongezea. Kuanzia la tatu muulizaji hayumo tena. Wazee wawili wa jumuiya wameshikana mashati kuhusu njia ipi ya kuhesabu mwendo hatua kwa hatua ni bora, ya Runge na Kutta ya daraja la nne au ya Verlet, na vita hivyo nimevisoma mara nyingi kiasi cha kuweza kuviandika mwenyewe. Mmoja atasema njia ya Runge na Kutta ina kosa dogo zaidi katika kila hatua. Ni kweli. Mwingine atasema njia ya Verlet inatunza nishati kwa safari ndefu, ilhali ile nyingine inaipoteza polepole. Nayo ni kweli. Atakuja wa tatu kukumbusha kwamba Loup Verlet alipoitumia mwaka 1967 kuiga atomi 864 za argoni hakuwa wa kwanza, kwani Carl Størmer alishafanya hesabu za namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akifuatilia njia za chembe zenye chaji zinazoleta mwanga wa angani karibu na ncha za dunia. Kweli tena, na mimi mwenyewe hupenda sana kisa hicho. Kisha yanafuata matusi ya kistaarabu: soma kitabu kwanza, mtu mwenye akili hawezi kusema hivyo, ndiyo maana uigaji wako ni kichekesho. Aliyeuliza bado hajui abadilishe mstari gani.

Katika mabishano ya aina hiyo sijawahi kuona mzee akiguswa. Nadhani sababu ni kwamba fizikia yake ni sahihi, na sisi tumezoea kupima watu kwa usahihi. Lakini mgeni wa Mwezi hakumtukana mtu na alipewa onyo. Hawa wanatukana mbele ya watoto wa shule na hupewa shukrani. Ninaomba kanuni ya adabu iwahusu kwanza wale wenye majina makubwa, kwa sababu hao ndio wanaoigwa. Na mjadala wa njia za kukokotoa uhamishiwe mahali pake pindi muulizaji anapopata jibu la kwanza linalofanya kazi, hata kama mjadala ni mtamu. Hasa kama ni mtamu.

Kuna dharau nyingine ndogo inayopita bila kuonekana, ya vifaa. Mgeni akisema ametengeneza obiti yake kwenye jedwali la hesabu, safu moja kwa kila hatua, ataambiwa aache michezo ajifunze lugha ya kweli ya programu. Mwaka 1941 mwanaastronomia Erik Holmberg aliiga galaksi mbili zinazopishana bila kompyuta yoyote. Alitumia taa, 37 kwa kila galaksi, kwa kuwa ukali wa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali kama mvutano unavyopungua. Akapima mwanga kwa kifaa, akahesabu kani, akazisogeza taa kwa mkono, akapima tena. Jedwali la hesabu lenye safu elfu kumi linamzidi Holmberg kwa kila kitu isipokuwa subira. Tena kwa anayesaidia, jedwali ni neema: kosa linaonekana kwenye safu ya tatu, huna haja ya kuendesha programu ya mtu usiyemjua kwenye kompyuta yako, jambo ambalo wenzetu wengi wanalifanya bila kufikiri na siku moja litatuletea balaa.

Sehemu ngumu zaidi ni ya wale wanaokuja na nishati ya bure, yaani mashine inayodaiwa kutoa nishati kuliko inayopewa. Mnawajua. Gurudumu lenye sumaku, mnyororo wa springi, bembea inayopanda juu kila inaporudi, na maelezo marefu kwamba wanasayansi wanaficha. Sera yenu ni kuwanyamazisha mara moja. Mna mfano wa heshima: mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza kwamba hakitachunguza tena mashine zinazodai kujiendesha milele, kwa kuwa wabunifu wake walikuwa wanafilisika na wanachuo wanapoteza muda. Naielewa hasira ile. Ila wale wa Paris waliletewa michoro na mashine za mbao ambazo kuzipima kulikuwa kazi kubwa. Sisi tunaletewa uigaji, na uigaji una kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya mwenyewe kabla chai yake haijapoa: gawa hatua ya muda kwa mbili, endesha tena kwa muda uleule wa jumla, linganisha.

Tuseme gurudumu lake limepata nishati ya ziada ya asilimia 8 kwa hatua ya sekunde 0.01. Akitumia 0.005 na ziada ikashuka hadi karibu asilimia 4, na kwa 0.0025 ikawa 2, basi nishati ile haitoki kwenye sumaku, inatoka kwenye hatua ya muda. Kitu cha kweli hakiwezi kujali kompyuta imeamua kuhesabu mara ngapi kwa sekunde. Hata ukubwa wa kupungua unasema kitu: kwa njia ya Euler kosa hupungua karibu nusu, kwa Verlet hubaki karibu robo, kwa Runge na Kutta ya daraja la nne hubaki karibu sehemu moja ya 16. Mtu akizipata namba hizo kwa mkono wake mwenyewe, hana wa kumlaumu na hana cha kusema kimefichwa. Wapo watakaokuwa wanafunzi wazuri baada ya hapo. Kuzidi kwa nishati kumewafikisha kwenye somo lenyewe la uigaji, ambalo ni kujua kipi ni cha fizikia na kipi ni cha mashine.

Na wapo watakaokataa kufanya jaribio. Watalijaza kundi zima kwa madai yaleyale, watawaita wengine vibaraka, wataanza kuwafuata wageni faraghani kuwauzia michoro. Hapo sasa ni suala la adabu, wanyamazisheni bila kusita, nami nitawaunga mkono. Mpaka ndio huo. Kuamini kwamba nishati imeongezeka ni kosa la hesabu, na dawa yake ni kipimo. Kukataa kipimo na kuendelea kupiga kelele ni kosa la mwenendo, na dawa yake mnayo tayari.

Mnaweza kuniuliza kwa nini nijisumbue, wakati tunajua jibu kabla ya jaribio. Kwa nishati ya bure, ndiyo, tunalijua. Kwa mengine hatulijui kila mara. Edward Lorenz, alipokuwa akiiga hali ya hewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliingiza tena 0.506 badala ya 0.506127 na matokeo yakaachana kabisa na ya kwanza. Wazo lake la mwanzo lilikuwa kwamba mashine imeharibika. Wanasayansi Fermi, Pasta na Ulam, pamoja na Mary Tsingou aliyeandika programu, waliiga mnyororo wa hadi chembe 64 zilizounganishwa kwa springi zisizo za kawaida. Walitarajia nishati isambae kwenye mitetemo yote. Ikasambaa kidogo, kisha karibu yote ikarudi pale ilipoanzia. Ripoti yao ilitoka mwaka 1955. Najua fika kwamba kila mbabaishaji hupenda hadithi za namna hii na hujiona yeye ndiye Lorenz wa leo. Tofauti ni kwamba Lorenz alirudi akakagua namba moja moja hadi akajua zilianza kuachana wapi. Ndiyo maana nasisitiza kipimo: kinamtenganisha mbabaishaji na mtu aliyekutana na jambo geni kwa bahati, na sisi tulio nje hatuna njia nyingine ya kuwatenganisha. Jumuiya inayomfunga mdomo kila aletaye tokeo lisilotarajiwa itawafunga wote wawili pamoja.

Nimemtaja Mary Tsingou kwa makusudi. Kwenye ripoti ile aliandikwa miongoni mwa waliofanya kazi, ila si miongoni mwa walioandika, na kwa miongo mingi tatizo lile likabeba majina matatu tu. Kwetu pia wapo wanaosoma mistari ya watu usiku, wanaotafuta alama ya kutoa iliyopotea, kisha mtu mwingine analeta muhtasari mzuri na kupewa sifa. Uigaji unapowekwa kwenye maonyesho yetu, aliyesaidia kuutengeneza atajwe. Haigharimu kitu, na wasaidizi wetu wanachoka upesi kuliko mnavyofikiri.

Jambo la muundo sasa. Kwa utaratibu wa leo, msimamizi anaweza kubishana na mtu kuhusu fizikia kisha, mabishano yakimchosha, yeye huyohuyo akamnyamazisha. Hata akiwa na haki, mnyamazishwaji na watazamaji wote wanaona kwamba ameshindwa hoja akatumia nguvu. Anayejibu swali asiwe ndiye anayetoa adhabu katika swali hilohilo. Amwite mwenzake ambaye hajachangia. Na kila adhabu iandikwe sababu kwa lugha ya mwenendo: alimtukana fulani, alirudia dai baada ya kuombwa kipimo. "Anaeneza fizikia ya uongo" isiwe sababu kamwe. Kwa kigezo hicho nusu ya waliotutangulia katika historia ya sayansi wangenyamazishwa, pamoja na wengi wetu kila wiki.

Mengine nitayapitia haraka. Wanafunzi wanaoleta kazi ya darasani wasifukuzwe. Waonyeshwe mahali pa kutazama, wasiandikiwe kila kitu. Wengi wao ni watoto, kwa hiyo mtu mzima asiwapeleke kwenye mazungumzo ya faragha hata kwa nia njema ya kufundisha. Majibu yote yabaki mahali panapoonekana. Na majibu yanayotolewa na programu za akili unde yameanza kuwa mengi, yenye sauti ya uhakika na mistari ambayo mletaji hajawahi kuiendesha. Sitaki yapigwe marufuku. Nataka kila anayeweka programu kama jibu aseme kama ameiendesha na amepata nini, awe ameiandika yeye au ameiokota. Hiyo peke yake itaondoa takataka nyingi, na haitatulazimu kubishana nani ameandika nini.

Uchaguzi wa wasimamizi wapya umekaribia. Ningependa utaratibu wa kumtenganisha mjibuji na mtoa adhabu upitishwe kabla yao hawajaingia, ili waanze nao wasije wakalazimika kuujifunza kwa kuumia. Na wale wote ambao hadi sasa wamenyamazishwa kwa sababu ya fizikia ya uongo, pasipo tusi lolote kwenye rekodi yao, waandikiwe kwamba wanaweza kurudi kwa sharti moja tu la kuleta namba za uigaji wao kwa hatua mbili tofauti za muda. Kazi ya kuzipokea na kuzisoma nitaifanya mimi, na wapo wenzangu wawili watatu walioniambia watasaidia. Tunahitaji tu orodha ya majina kutoka kwenu.

Wenu katika jumuiya,

Mwanachama mwenzenu, wa upande wa wanaojibu maswali